Kabla hujanunua mashine ya kuhesabu chembe za damu

Mwenye duka la dawa mmoja alinijia na vipeperushi viwili vya mashine za kupima damu, akavitandaza mezani. "Dokta," akaniuliza, maana sote tunaovaa koti jeupe tunaitwa hivyo, "nichukue hii ya vipimo 21, au nijikaze nichukue ile ya 29?" Sikuweza kumjibu, kwa sababu swali lilikuwa limeanzia pabaya. Halikuwa kosa lake. Kipeperushi ndicho kilichomfundisha kuuliza hivyo.

Tangu mashine hizi zipungue hadi kutosha kwenye kona ya meza, maduka ya dawa na zahanati ndogo zimekuwa zikizitafuta. Wagonjwa nao wanasikia kwamba kuna mahali "wanapima damu yote kwa tone moja". Maneno hayo, damu yote na tone moja, ndiyo yanayozaa mkanganyiko mkubwa, na yote mawili yanahitaji kufumuliwa kabla hatujafika kwenye kuchagua mashine.

Damu yote ni nini hasa

Kwenye karatasi ya majibu utakuta herufi FBP, FBC au CBC. Ni kipimo kilekile, kila mahali kwa kifupisho chake: hesabu kamili ya chembe za damu. Kinaangalia makundi matatu yanayoelea katika damu. Kuna chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazoulinda mwili, na chembe sahani zinazokimbilia kuziba mshipa uliochanika. Pamoja nazo hupimwa himoglobini, ile protini nyekundu iliyomo ndani ya chembe nyekundu.

Katika maikrolita 1 ya damu, yaani sehemu moja ya lita iliyogawanywa mara milioni, mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyekundu kati ya milioni 4 na 6 hivi, chembe nyeupe kama 4,000 hadi 11,000, na chembe sahani 150,000 hadi 450,000. Hicho ndicho kipimo. Hakionyeshi sukari, hakitafuti VVU, hakitaji kundi la damu, wala hakijui habari za figo na ini. Chembe nyeupe zikipanda haimaanishi kwamba mtu ana homa ya matumbo. Maana yake ni kwamba mwili unapambana na jambo fulani, na jambo hilo linaweza kuwa kidonda, nimonia, ujauzito au hata mazoezi makali ya asubuhi ile. Mtu anayeandikiwa antibiotiki kwa sababu ya mstari huo peke yake ametibiwa kwa kubahatisha.

Halafu kuna kile watu wanachokiita "kupima wingi wa damu". Hicho ni kipimo cha himoglobini peke yake, mstari mmoja tu wa ile karatasi ndefu, na kifaa chake mara nyingi hutosha kiganjani. Mgonjwa aliyepimwa himoglobini akaambiwa "damu yako iko sawa" hajapimwa chembe nyeupe wala chembe sahani, na anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Vile vifaa vya kushika fimbo au kuweka kiganja juu ya sahani, vinavyotoa ripoti ya kurasa nyingi bila kuchukua damu, havihesabu chembe yoyote. Visiingie kwenye mazungumzo haya kabisa.

Mistari 21 hutoka kwenye vitu vichache

Fikiria lango jembamba lenye upepo unaovuma bila kukoma. Watu wanapita mmoja mmoja, na kila anayepita anauziba upepo kwa kitambo. Mnene anauziba zaidi, mwembamba anauziba kidogo. Ukisimama upande wa pili umefumba macho, utajua wamepita wangapi na kila mmoja ana unene gani, ingawa hujamwona hata mmoja.

Mashine nyingi za maabara hufanya hivyohivyo. Upepo ni mkondo mdogo wa umeme unaopita katika maji ya chumvi, na lango ni tundu jembamba lenye upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Chembe ikipita inauzuia umeme kidogo. Mashine inahesabu kizuizi hicho na kupima ukubwa wake. Mmarekani Wallace Coulter alipewa hataza ya mbinu hii mwaka 1953. Kabla ya hapo mtu alikaa na hadubini na kigae chenye miraba, akihesabu chembe kwa macho hadi shingo inakakamaa.

Kwa kuwa chembe nyekundu ni nyingi mno kuliko nyeupe, mashine huchukua sehemu ya damu na kuitia dawa inayozipasua nyekundu, ili nyeupe zibaki zihesabiwe. Himoglobini iliyomwagika humo hupimwa kwa mwanga: kadiri rangi inavyokolea, ndivyo mwanga unaopenya unavyopungua. Chembe sahani hutenganishwa na nyekundu kwa udogo wake.

Sasa rudi kwenye kipeperushi. Mashine imepima idadi ya makundi matatu, ukubwa wao, na himoglobini. Sehemu kubwa ya mistari iliyobaki ni hesabu tu. Hematokriti, yaani sehemu ya damu inayojazwa na chembe nyekundu, hupatikana kwa kuzidisha idadi ya chembe nyekundu na ukubwa wao wa wastani. MCH ni himoglobini iliyogawanywa kwa idadi ya chembe nyekundu. MCHC ni himoglobini iliyogawanywa kwa hematokriti. Ukiongeza asilimia na uwiano, unafika 21 bila kupima kitu kipya. Ndiyo maana hesabu ya mistari ni kigezo kibovu cha kuchagulia mashine.

Tofauti yenye maana ni namna mashine inavyozigawa chembe nyeupe. Iliyo rahisi huzigawa katika makundi matatu kwa ukubwa: limfosaiti, za katikati, na kubwa. Iliyo ghali zaidi huzigawa katika makundi matano, mara nyingi kwa mwanga wa leza, na inaweza kukuonyesha eosinofili peke yake, ambazo hupanda kwa mzio na kwa baadhi ya minyoo. Je, zahanati ndogo inahitaji hayo matano? Kwa mtazamo wangu, mara nyingi haihitaji. Makundi matatu yanayoaminika yana faida kuliko matano yanayotoka kwenye mashine isiyo na fundi wa karibu. Ukihitaji eosinofili za mgonjwa mmoja, slaidi, yaani kioo kilichopakwa damu, iliyotiwa rangi na hadubini vitakupa.

Na hadubini isiondoke mezani kwa sababu mashine imefika. Mlinzi wa langoni amefumba macho. Anajua unene tu. Kipande cha chembe nyekundu iliyovunjika kinaweza kuhesabiwa kama chembe sahani. Kwa baadhi ya wagonjwa wa selimundu, chembe nyekundu hukaidi dawa ya kupasua, nazo zikahesabiwa kama nyeupe.

Niliwahi kupata jibu la chembe sahani 38,000 kwa mama aliyekuja na miguu yake mwenyewe, hana doa la damu chini ya ngozi, hatoki damu kwenye fizi. Mashine haikuwa na tatizo, kontroli za asubuhi, yaani damu ya majaribio ambayo majibu yake yanajulikana, zilipita. Nilitengeneza slaidi, na pembeni mwake, kule damu inapokwisha kama mkia, nikaziona: chembe sahani zimeshikana mafungumafungu, kila fungu kama kishada. Dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye kichupa cha zambarau, EDTA, huzifanya chembe sahani za watu wachache zishikane. Fungu la chembe 20 likipita langoni, mashine haioni chembe sahani hata moja; inaona kitu kikubwa, pengine ikakiita chembe nyeupe. Tulichukua damu upya kwenye kichupa chenye sitreti, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, jibu likawa la kawaida. Bila ile slaidi mama yule angekimbizwa hospitali kwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Tone moja la kidoleni

Mkanganyiko wa pili una historia. Nchini Marekani kampuni ya Theranos ilianza mwaka 2013 kutoa huduma za kupima damu ndani ya maduka ya dawa ya Walgreens, ikitangaza kwamba matone machache ya kidoleni yanatosha kwa vipimo chungu nzima. Mwaka 2015 waandishi wa habari walifichua kwamba teknolojia hiyo haikuwa inafanya yaliyotangazwa. Kampuni ilifungwa mwaka 2018, na mwaka 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11 kwa kuwalaghai wawekezaji. Kampuni ile ilikufa, lakini hamu ya tone moja haikufa nayo.

Damu ya kidoleni si uongo. Inafaa, na kwa watoto wachanga mara nyingi ndiyo njia ya huruma. Shida ni kwamba tone moja halifanani na tone linalofuata. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice walipima matone yaliyofuatana kutoka kidole kilekile, wakakuta himoglobini, chembe nyeupe na chembe sahani zikitofautiana kuliko inavyotokea kwa damu ya mshipani. Ilibidi wachukue wastani wa matone 6 hadi 9 ndipo kuyumba kule kukapungua hadi kulingana na damu ya mshipani.

Ukikaa na mchomaji utaona kwa nini. Kidole ni cha baridi, damu inachelewa, mhudumu ana foleni. Anakikamua kidole kama anayetoa dawa ya mwisho ya meno. Pamoja na damu yanatoka majimaji ya nyama, na damu inazimuliwa kabla haijafika kwenye mashine. Au anachukua tone la kwanza ambalo lilipaswa kufutwa. Au damu inakaa juu ya ngozi hadi chembe sahani zinaanza kufanya kazi yake ya asili, kushikana, na hesabu yake inashuka. Hakuna mashine ya bei yoyote inayoweza kurekebisha hayo baadaye.

Kwa hiyo muulize muuzaji: mashine imethibitishwa kwa damu ya mshipani, ya kidoleni, au zote mbili? Mara nyingi jibu limo kwenye kijitabu cha maelekezo, na si lile aliloahidi mdomoni. Sysmex XW-100, mashine ya kwanza ya hesabu kamili ya damu ambayo mamlaka ya FDA ya Marekani iliiruhusu mwaka 2017 kutumika katika vituo visivyo na maabara kamili, hutumia damu ya mshipani iliyowekwa kwenye kichupa cha EDTA. Na ruhusa yenyewe ina mipaka: haikusudiwi watoto wa chini ya miaka 2, wala wagonjwa wa saratani au walio mahututi. Mashine imerahisishwa hadi kiwango hicho na bado imewekewa uzio. Anayekuambia yake haina uzio wowote, mkazie macho.

Ukichukua damu kwenye kichupa, kijaze hadi kwenye mstari wake na ukigeuze taratibu mara 8 hadi 10. Usikitikise, maana chembe zitapasuka. Kabla hujakiweka kwenye mashine kitazame. Kauzi kadogo ka damu iliyoganda, kembamba kama uzi wa kushonea, kanatosha kuliziba lile tundu na kukuharibia siku nzima.

Vifaa vya aina gani vipo

Kidogo kabisa ni kipima himoglobini cha mkononi. Tone linaingia kwenye kijisahani cha plastiki chenye dawa kavu, mwanga unapita, namba inatokea ndani ya dakika moja hivi. Kwa duka la dawa lililoruhusiwa kupima, hiki ndicho ninachokipendekeza kwanza bila kusitasita. Kinajibu swali ambalo wateja wanakuja nalo kila siku, mama mjamzito anayehema akipanda ngazi, mtoto mwenye viganja vyeupe, na kina hatua inayofuata iliyo wazi. Orodha ya vipimo muhimu ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2018, imekiweka kipimo cha himoglobini miongoni mwa vile vinavyopaswa kupatikana hata pasipo na maabara.

Kisha kuna mashine za katriji. Kila mgonjwa ana kijisanduku chake chenye kila kitu ndani. Baadhi huzipiga picha chembe na programu ikazihesabu, badala ya kutumia lango. Hazina madumu ya vimiminika, usafi wake ni mwepesi, na kazi ya kila siku ni ndogo. Gharama ya kila kipimo ni kubwa zaidi, na katriji zina tarehe ya mwisho, nyingine zinataka friji.

Aina ya tatu ni mashine za mezani zinazotumia vimiminika, ndizo zilizoenea zaidi. Zinapima wagonjwa 30 hadi 60 kwa saa. Kasi hiyo huwavutia wanunuzi, lakini kituo chenye wagonjwa 5 kwa siku hakina la kufanya nayo.

Mashine ina kiu

Hapa ndipo zahanati nyingi huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mashine ya vimiminika hainywi kwa ajili ya wagonjwa peke yao. Ikiwashwa asubuhi inajiosha. Inapima maji matupu kuhakikisha hakuna uchafu unaohesabiwa kama chembe. Inapima kontroli. Jioni inajiosha tena kabla ya kuzimwa. Tundu likiziba, inajiosha zaidi.

Chukua mfano wa kufikirika. Mashine inatumia mililita 25 za maji ya kuzimulia kwa mzunguko mmoja, na dumu lina lita 20. Kwenye karatasi dumu hilo ni mizunguko 800, na muuzaji atakuambia "vipimo 800". Kituo chako kina wagonjwa 5 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Kwa miezi 2 ni wagonjwa 250. Kuosha, maji matupu na kontroli vikila mizunguko mingine 5 kila siku, jumla inakuwa mizunguko 500, yaani lita 12.5. Lakini lebo ya dumu inasema likifunguliwa litumike ndani ya siku 60, kama zisemavyo lebo nyingi. Siku ya 60 unamwaga lita 7.5. Ulilipia vipimo 800, wagonjwa waliofaidika ni 250. Gharama halisi ya kila mgonjwa ni zaidi ya mara 3 ya ile uliyoahidiwa.

Piga hesabu hiyo kwa namba zako kabla ya kununua, pamoja na dawa ya kupasua chembe nyekundu, kisafishio na kontroli. Ukiwa na wagonjwa wachache, katriji iliyoonekana ghali inaweza kugeuka kuwa nafuu.

Uliza pia kama mashine imefungwa kwa vitendanishi, yaani dawa na vimiminika vya kupimia, vya kampuni yake peke yake. Nyingi husoma kadi au chipu, na bila kadi mpya haziendi hata kama dumu limejaa. Si jambo baya lenyewe, kwani vitendanishi vya kuchanganya kienyeji huharibu majibu, lakini maana yake siku msambazaji akikauka, nawe umekauka. Nimeziona mashine nzuri zimefunikwa kitambaa kwa miezi, zikisubiri dumu moja.

Maji machafu yanayotoka humo yana damu na kemikali. Hayamwagwi kwenye sinki la kunawia. Yawe na chombo chake, na yatibiwe kama kijitabu kinavyoagiza.

Kila asubuhi

Kontroli ni damu iliyotayarishwa kiwandani ambayo majibu yake yanajulikana. Huja kwa viwango vitatu, cha chini, cha kawaida na cha juu. Unaipima kabla ya mgonjwa wa kwanza. Ikitoka ndani ya mipaka, fungua mlango. Ikitoka nje, hupimi mtu hadi ujue kwa nini. Ni kama kuipima mizani kwa jiwe la kilo moja unalolijua kabla ya kuanza kuuza.

Wauzaji wengi hawaitaji kontroli mpaka uwaulize, na wanunuzi wengi huiona ni gharama ya kukatwa. Inaharibika haraka: hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kichupa kilichofunguliwa mara nyingi hudumu wiki chache tu. Asiye na friji inayoaminika na mpango wa kuletewa kontroli kila baada ya muda hajawa tayari kununua mashine ya mezani. Nalisema hili kwa uzito wote nilionao, kwa sababu mashine isiyo na kontroli haikuambii inapoanza kukosea. Inaendelea kuchapa namba safi zenye desimali, na desimali humfanya mtu aamini.

Kuna ukaguzi mwingine usiogharimu kitu. Himoglobini kwa gramu kwa desilita ukiizidisha kwa 3, inakaribia hematokriti. Himoglobini 12, hematokriti kama 36. Kanuni hii hushika kwa mtu mwenye chembe nyekundu za ukubwa wa kawaida, hivyo mgonjwa mmoja akienda kinyume huenda ni ugonjwa wake. Wagonjwa watano mfululizo wakienda kinyume, itazame mashine.

Umeme nao usisahaulike. Ukikatika katikati ya mzunguko, damu hubaki ndani ya mirija na kuganda. UPS, ile betri ya akiba, inayotosha kumaliza mzunguko na kuizima mashine ipasavyo ni sehemu ya mashine, sawa na waya wake. Halikadhalika joto: nyingi huandikiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 15 na 30, na chumba kidogo chenye bati mchana kinavuka hapo bila shida.

Viwango ni vya nani

Herufi H na L pembeni mwa namba huwekwa na mashine kwa kulinganisha na mipaka iliyopangwa kiwandani. Muulize muuzaji kama mipaka hiyo inaweza kubadilishwa na kama ina ya watoto, ya wanawake na ya wajawazito. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, upungufu wa damu kwa mwanamke asiye mjamzito huanzia chini ya gramu 12 kwa desilita, kwa mwanamume chini ya 13, na kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23 chini ya 10.5. Mashine yenye mpaka mmoja kwa wote itawatisha wengine bure na kuwapitisha wengine wasiofaa kupita. Wanaoishi nyanda za juu nao huwa na himoglobini ya juu zaidi kwa kawaida, hivyo 12 ya mlimani si 12 ya pwani.

Lipo jingine ambalo watu wengi wenye asili ya Afrika hawajawahi kuelezwa. Wengi wao, wakiwa na afya tele, wana neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, chache kuliko mipaka iliyochapwa, kwa sababu ya umbo la jeni liitwalo Duffy ambalo pia huwakinga dhidi ya malaria ya aina ya vivax. Si ugonjwa, wala kinga ya mwili haijashuka. Lakini mashine itaweka L, na mtu anarudi nyumbani akakosa usingizi.

Zingatia na vipimo vyenyewe: mashine nyingine huandika himoglobini 12 na nyingine 120. Ni kitu kimoja, ya kwanza kwa desilita, ya pili kwa lita.

Siku ya kuletewa

Usilipe yote kwa onyesho la muuzaji na sampuli yake. Chukua damu ya mtu mmoja uipime mara 10 mfululizo. Himoglobini isitofautiane ila kwa desimali ndogo, chembe sahani zikiruhusiwa kuyumba zaidi kidogo. Pima sampuli yenye chembe nyingi, kisha maji matupu, uone kama mabaki yanahamia. Kisha pima sampuli 20 hivi za wagonjwa, zikiwamo zenye upungufu mkubwa, na uzipeleke siku hiyohiyo kwenye maabara kubwa unayoiamini, ulinganishe. Mashine zote huelewana kwenye damu ya kawaida. Zinatengana kwenye himoglobini ya 5 na chembe sahani 20,000, na huko ndiko mgonjwa anakokuhitaji.

Muuzaji akikuonyesha cheti cha ISO 13485, kipokee kwa heshima, lakini jua kinachosema: kiwanda kina utaratibu wa kusimamia ubora. Hakisemi mashine hii mbele yako inahesabu sawasawa. Muulize pia fundi yuko wapi, anafika baada ya siku ngapi, na mashine ikienda kutengenezwa utapewa nyingine ya kushikia. Na kabla ya yote hayo, uliza mamlaka inayokusimamia kama leseni yako inaruhusu kipimo hicho. Mahali pengi duka la dawa na maabara ni leseni mbili.

Sifa moja ya mashine huwa naitafuta ingawa haimo kwenye vipeperushi: inafanya nini isipojua? Iliyo nzuri huficha namba, ikaweka nyota au alama ya kuonya, ikakulazimisha utazame slaidi. Iliyo mbaya hutoa namba daima. Wanunuzi hupenda ya pili kwa kuwa haiwasumbui.

Yule mwenye duka alinunua kipima himoglobini, akakubaliana na maabara ya karibu kupokea wagonjwa wake wanaohitaji hesabu kamili. Ameandika kwa mkono kwenye kadibodi, akaibandika pale mhudumu anapokaa: himoglobini chini ya 7, mjamzito mwenye kizunguzungu, homa kwa mtu anayetibiwa saratani, homa yenye kutoka damu, usimuuzie kitu, mpeleke hospitali sasa hivi. Chini yake kuna namba ya simu ya dereva.